Gundi na Viatu Visivyotembea

9 Januari

Kwako mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu pamoja na viatu vyako vya kazini, nimevitia soli mpya. Anza na salamu, viatu havitakimbia. Huku tunapumua vizuri, wasiwasi wangu wote nimeuelekeza kwako uliye peke yako kwenye mji wa watu. Kaka yako alipita na lori lake, akanionyesha picha ya mtoto wake. Ameota meno ya chini na anaonekana yuko tayari kumng'ata yeyote atakayemsogelea. Nimemwambia kaka yako, huyo ni wa ukoo wetu, hana haja ya kupimwa.

Barua nimeichomeka ndani ya kiatu cha kushoto, vyote vinakuja kwa basi kama kawaida yetu. Ile simu uliyoninunulia ipo, imelala kwenye droo ya misumari. Simu inataka nijibu papo hapo, na mimi maneno yangu huyatafuna kwanza.

Haya, sasa lile unalolisubiri. Nilikwenda kliniki. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha mkononi, akapima, akatazama, kisha akamwita mwenzake naye atazame. Nikajua tu. Mafundi wawili wakiinamia kiatu kimoja, kiatu hicho kina kesi. Presha iko juu. Vidonge nameza, sikosi, lakini wanasema vidonge peke yake havitoshi. "Mzee, unakaa sana. Tembea." Nikamwambia, binti, mimi ni fundi viatu, watu hutembea na mimi hukaa. Hakucheka hata kidogo.

Najua utasema, si nilikuambia? Tangu mke wangu afariki umekuwa ukiniimbia wimbo mmoja: funga karakana, njoo ukae nami. Basi tukubaliane kama watu wazima. Kliniki wamenipa mpaka Juni. Ikifika Juni presha haijashuka, nitauza cherehani ya ngozi, nitamrudishia mwenye nyumba funguo zake, nitakuja kukaa kwenye hicho chumba chako chenye dirisha kubwa. Ikishuka, wimbo huo nisiusikie tena. Lakini ujue, kunitoa kwenye kiti hiki si jambo dogo. Hapa ndipo nilipokulea, ukicheza na vipande vya ngozi chini ya meza, na hapa mke wangu alikuwa akiniletea chai. Sitaki kuondoka, Chiriku. Nimesema waziwazi ili usije ukadai hukujua.

Jambo dogo la mwisho. Jirani yangu, yule mwalimu mstaafu anayesahihisha hata vibao vya maduka, amekwenda kwa binti yake kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kaniachia mbwa wake. "Siku chache tu, jirani." Mimi na mbwa unatujua, kovu la utotoni bado ninalo mguuni. Nimemfunga uani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sijui nitampa nini.

Mjomba wako,
Mzee wa Misumari


30 Januari

Shikamoo Mjomba,

Viatu vimefika, vinang'aa mpaka naona haya kuvikanyagia. Mimi mzima. Kazi inaendelea, watu wanapiga simu kulalamikia maji na mimi nawaomba radhi. Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa kaka.

Makubaliano yako nimeyakubali. Lakini Mjomba, tusidanganyane, kutembea hutatembea. Wewe hata dukani unamtuma mteja. Chumba kipo, pazia nimeshatundika, na nimenunua kiti kizuri cha kuegemea, nimekiweka pale dirishani. Ukija utakaa hapo uniangalie nikipika na kuunguza.

Huyo mbwa ana chanjo? Akikung'ata je? Mpe mtu mwingine. Uzee na mbwa wapi na wapi.

Sina mengi.

Wako,
Chiriku


24 Februari

Kwako Chiriku,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha, bati limevuja palepale linapovuja kila mwaka, na ndoo imewekwa palepale. Kaka yako anasema mtoto sasa anatambaa na amekula ufunguo wa kabati. Ufunguo ulipatikana, usiniulize kwa njia gani.

Mbwa ana chanjo, mwalimu aliniachia cheti. Hajaning'ata. Afadhali angeng'ata, ningepata sababu ya kumrudisha. Shida yake ni kulia. Alfajiri anasimama mlangoni analia kama amefiwa, kwa sababu mwalimu alimzoesha kutoka saa hizo. Jirani wa upande wa pili akatoa kichwa dirishani: "Mzee, ama umtoe ama ututoe sisi!" Nikamtoa. Nilimtoa ili anyamaze, elewa vizuri, si kwa mapenzi.

Mwalimu alimpa jina la Nidhamu. Hajawahi kuwa nayo. Mimi namwita Gundi, maana habanduki kwangu. Nikiketi, amelala miguuni. Nikiinuka, ameinuka. Nikienda chooni, anaomboleza nje ya mlango.

Sasa sikia balaa. Mwanzoni alfajiri nilimtoa mlangoni tu, matembezi yenyewe nikayaweka mchana, nikiona wateja wamepungua. Lami ikawa inamuunguza, anainua mguu huu, anainua ule. Mimi fundi viatu nimwone kiumbe anaungua nyayo ninyamaze? Nikampima nyayo zote nne kwa kamba. Nikamshonea viatu, ngozi laini, soli nyembamba ya mpira, na vifungo vya kamba. Tena kazi safi, usicheke. Nikamvalisha mbele ya wateja. Alisimama kama stuli, hata mkia hakuutikisa. Kisha akaketi, akavivua kimoja kimoja kwa meno, akavitafuna. Vitatu aliviharibu kabisa, cha nne akaniletea miguuni kama anayesema, na hiki ni cha kwako. Karakana nzima ilikufa kwa kicheko. Mteja mmoja alicheka mpaka akaondoka na kiatu kisicho chake. Nami nilicheka, Chiriku. Nilijisikia nikicheka nikashangaa, sauti ile sikuwa nimeisikia humu ndani tangu msiba.

Basi tukarudi kwenye saa zake za alfajiri, kabla lami haijapata moto. Tunapita kwa mama wa mikate, tunapita shule ambako mlinzi ananiamkia, tunazunguka uwanja wa mpira, tunarudi. Kumbe kuna uwanja wa mpira! Nimeishi hapa nusu ya umri wangu nasikia tu watu wakishangilia goli. Na watu wananisalimia. Wale wale ambao dukani huniletea kiatu na haraka, barabarani wanasimama, wanamkuna Gundi kichwa, wanauliza umeamkaje. Wananiita Mzee wa Mbwa. Mwanzoni ilinichoma, sasa naitika.

Usiku nalala moja kwa moja. Nadhani ni vidonge.

Mjomba wako


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini bati limezibwa. Kaka amenitumia picha ya mtoto akiwa na ufunguo mdomoni, nimecheka peke yangu jikoni.

Mjomba, barua yako ilikuwa na kurasa tatu, na mbili na nusu zilimhusu mbwa usiyempenda. Nimesoma kwenye gazeti kwamba madaktari wamechunguza jambo hili. Wanasema watu wanaokaa na mbwa hutembea zaidi, na kumpapasa mbwa kwa utulivu huweza kushusha mapigo ya moyo. Tena wanasema anayetoka na mbwa hapungukiwi na watu wa kuongea nao. Kwa hiyo hivyo vidonge vyako endelea kumeza, lakini kimojawapo kina mkia.

Nakutumia viatu vyangu vya kazini, vile vyeusi vya kamba. Soli zimechoka kidogo. Si haraka.

Chumba bado kinakusubiri. Juni si mbali.

Wako,
Chiriku


2 Aprili

Kwa Chiriku,

Salamu. Viatu vyako vimefika, nitavishughulikia.

Mwalimu amerudi, na nyonga mpya na fimbo. Amemchukua mbwa wake. Ni haki yake, mbwa ni wake. Karakana ina nafasi sasa, maana alikuwa analala katikati ya njia na kila mteja alimruka.

Sina mengi.

Mjomba wako


3 Mei

Shikamoo Mjomba,

Umenyamaza. Nimengoja mizigo ya basi wiki baada ya wiki, hakuna kiatu, hakuna barua. Wewe hukuwahi kukaa na kiatu cha mtu hivyo. Nimempigia kaka, anasema alipita akakukuta umekaa, hujafungua redio, chai imepoa pembeni. Anasema ulimwambia uko salama. Mjomba, hiyo barua yako ya mwisho haikuwa na utani hata mmoja, halafu unasema uko salama?

Unatembea? Niambie ukweli. Kama hutembei kwa sababu Gundi hayupo, nenda kabishe hodi kwa mwalimu umwombe. Kuuliza si ujinga, na kuazima mbwa wa mtu si wizi.

Au basi funga tu karakana uje. Usingoje Juni. Njoo, Mjomba, nakuomba. Sentensi hii nimeifuta na kuiandika tena, sasa nimeiacha.

Wako,
Chiriku


22 Juni

Kwako mpwa wangu,

Nisamehe kwa kimya. Salamu zote zako, na mtoto wa kaka yako sasa anasimama akishika kiti, anaanguka, anakitukana kiti kwa lugha yake. Kaka yako anaomba apate mzigo wa kuleta upande wenu, akuone.

Nikueleze yaliyotokea. Uliniambia nikabishe hodi. Chiriku, mzee mzima niende mlango wa mtu nikaombe kutembea na mbwa? Sikwenda. Asubuhi niliamka saa ile ile, nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Ndivyo nilivyokuwa kila siku. Usingizi ukakimbia. Nikirudi kwenye kiti changu nashona, lakini hata nyundo niliiona nzito.

Siku moja nafungua karakana, mwalimu huyo hapo na fimbo yake, na uso wake ule wa kumkamata mwanafunzi aliyechelewa. "Jirani, umemfanya nini mbwa wangu? Chakula anakinusa anakiacha. Alfajiri analia kwenye ukuta unaotazama kwako. Mimi na nyonga hii sina mwendo wa kumridhisha." Nikasema, sijamfanya kitu. Akasema, "Basi njoo uendelee kutomfanya kitu kila asubuhi." Akaniachia kamba ya mbwa mkononi. Gundi aliniruka kifuani, miwani ikaanguka. Nilichuchumaa pale pale mlangoni nikamshika kichwa. Mwalimu akajifanya anasoma kibao cha duka.

Tangu hapo asubuhi Gundi ni wangu, mchana ni wa mwenyewe, na jioni mwalimu anakuja naye karakana, anaketi kwenye stuli ya wateja, ananisahihisha ninavyozungumza. Nilidhani nitachukia. Sichukii.

Kliniki nimekwenda. Muuguzi akapima, akatazama, akamwita mwenzake. Nikajisemea, basi, cherehani imeuzwa. Akamwambia mwenzake, "Njoo uone mzee huyu alivyoshuka." Imeshuka, Chiriku. Vidonge niendelee navyo, na mwendo niendelee nao. Akaniuliza, unatembea na nani? Nikasema, na jirani. Nilimwonea haya yule binti. Lakini wewe sikuonei haya: nampenda yule mbwa. Haya, nimesema. Na viatu vyangu mwenyewe nimevibadili soli, jambo ambalo sikumbuki kama nimewahi kulifanya.

Basi mimi nabaki, makubaliano ni makubaliano. Sasa tuzungumze habari yako.

Viatu vyako vilikaa hapa si kwa sababu ya uvivu. Kila nilipovishika sikujua niseme nini. Soli hizi niliziweka mimi Januari. Mtu akitembea, kisigino hulika kwa upande wa nje, na chini ya dole gumba hulika pia. Hizi zina mikwaruzo inayokwenda upande mmoja tu, kama mtu alizishika kwa mkono akazisugua sakafuni. Hata ngozi mpya niliyotandika ndani haina alama ya vidole. Viatu hivi havijatoka nje, mwanangu. Na chiriku gani huyu anayeandika nusu ukurasa? Ulikuwa ukirudi shule unaongea mpaka mke wangu anaziba masikio. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Sikugombezi. Nauliza tu.

Nimekurudishia kama vilivyo.

Mjomba wako


11 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi mpaka nimelia, presha imeshuka! Mpe Gundi mfupa kwa niaba yangu. Na mwalimu mpe salamu, asizisahihishe.

Nilivisugua kwenye saruji ya ukumbini. Niliona kazi nzuri kabisa.

Ofisi yetu ilifungwa mwaka jana. Walitugawia kompyuta na vile vya kuvaa masikioni, kila mtu anafanyia kazi nyumbani kwake. Siku nilipopata kazi ulinishonea viatu vile kwa mkono, ukawaonyesha wateja wote, ukasema mpwa wangu anakwenda ofisini. Ningekuambiaje kwamba vinakaa chini ya kitanda? Nikaona bora nivitume, nivipokee, nivitume tena, angalau vinasafiri.

Kutwa nzima naongea na watu wenye hasira, Mjomba. Nikizima kompyuta sina wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha. Chakula naletewa mlangoni. Kuna siku nilijaribu kuhesabu mara ya mwisho nilipotoka, nikaacha kuhesabu. Na kile kiti cha dirishani, sikukinunua kwa ajili ya presha yako. Nilitaka tu kiwe na mtu.

Usije. Nimefurahi unabaki, nasema kweli. Nimeona nikuambie tu.

Wako,
Chiriku


27 Julai

Kwako Chiriku wangu,

Salamu nitaandika mwisho, leo nina haraka.

Mimi mjomba wako, ulidhani najivunia ofisi? Ofisi ina nini? Nilijivunia wewe. Ungefanya kazi ukiwa umelala kitandani ningewaambia wateja, mpwa wangu analala kuliko watu wote.

Ukipata likizo njoo, kitanda chako cha utotoni ndicho Gundi analalia kila akija kwangu, mtagawana. Lakini likizo ni mbali, na wewe unahitaji kesho asubuhi. Sikia neno la mtu aliyekaa kwenye kiti maisha yake yote. Ukijiambia utoke kwa ajili ya afya, hutatoka. Mimi niliambiwa na muuguzi, niliambiwa na wewe, sikutoka. Nilitoka kwa sababu kuna mtu alikuwa analia mlangoni na asingekubali sababu yoyote. Hapo kwenu hakuna anayelia mlangoni?

Kaka yako mzima, mtoto mzima, mwalimu anakusalimu, bati limezibwa.

Mjomba wako


20 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Viatu hivyo hapo. Safari hii sikuvisugua. Sisemi kitu, nina haraka, kuna mtu ananingoja.

Chiriku


2 Oktoba

Kwako mpwa wangu Chiriku,

Salamu za humu ndani zimejaa: yangu, ya mwalimu, na ya Gundi, ambaye amevinusa viatu vyako mpaka ikabidi nimwondoe kwa nguvu. Kaka yako anasema mtoto ametembea, ametoka mlangoni mpaka kwenye gurudumu la lori bila kushikwa. Mwaka huu ukoo mzima umesimama.

Nimeviweka mezani chini ya taa. Visigino vimelika nyuma kabisa, kwa maana mtu anayevutwa hujizuia kwa kisigino. Cha kulia kimelika zaidi, kwa hiyo kamba unaishika mkono wa kulia, na hujui bado kumwambia taratibu. Kuna matope ya aina mbili, mekundu na meusi, basi mnafika mbali. Ulimi wa kiatu cha kushoto una alama za meno madogo makali. Ni mtoto wa mbwa huyo, na ana njaa ya ngozi kama mwenzake wa huku. Ndani, vidole vyako vyote vimeonekana.

Nilimwita mwalimu aje aone. Nikamwambia, tazama, hizi soli zimekwisha kabisa. Akanipa kitambaa nifute macho, na kwa mara ya kwanza hakunisahihisha chochote.

Soli nimeweka mpira mzito, ule wa wabeba mizigo, na kisigino nimekipigia chuma. Ulimi nimeuacha na meno yake. Barua yako ilikuwa na mistari michache, nimekusamehe, viatu vimeandika mengi.

Sasa nijibu haraka, Gundi anauliza: anaitwa nani?

Mjomba wako,
Mzee wa Mbwa